Picha Nzuri ya Pwani, Lakini Mwenye Pwani Yuko Wapi?

Chukua kalenda yoyote yenye picha za pwani yetu, iwe ya benki, ya kampuni ya bima au ya hoteli, uifungue ukurasa mmoja baada ya mwingine. Utaona mchanga mweupe usiokanyagwa na mguu. Utaona mnazi umeyainamia maji, bahari ya rangi ya feruzi, na pengine dau moja limetia nanga kwa mbali, tanga limekunjwa, na ndani yake hamna mtu. Picha ni nzuri, hilo sikatai. Lakini nionavyo mimi picha za namna hiyo zina upungufu mmoja mkubwa, nao ni kwamba mwenye pwani hayumo.

Wengi wetu huidhania sanaa hii ya kupiga picha za maumbile kuwa ni pambo la ukutani tu, jambo la kuburudisha macho. Mimi nasema ni zaidi ya pambo. Picha hutoa madai. Anayepiga picha ya mahali akamwacha nje mtu anayeishi hapo, huwa amesema, apende asipende, kwamba mahali hapo hapana mwenyewe. Na sisi watu wa pwani twajua vyema mahali panapodhaniwa hapana mwenyewe huishia mikononi mwa nani.

Niliwahi kumwonyesha mzee mmoja mvuvi picha ya ufuo mtupu, iliyokatwa katika gazeti la watalii. Akaitazama kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, hii imepigwa wakati wa kaskazi, na maji yamekupwa ya bamvua. Watu wako mwambani." Nikamwuliza amejuaje. Akanionyesha mstari wa mwani uliobaki juu ya mchanga, akanionyesha na makuti ya mnazi yalivyolalia upande mmoja kwa upepo. Kumbe ufuo ule haukuwa na upweke wowote. Wenyewe walikuwa kazini, na picha yenyewe ilikuwa na ushahidi wa jambo hilo kwa yule aliyejua kuisoma. Aliyeipiga hakujua, na walioichapisha hawakuuliza.

Najua wako wasomaji watakaoniambia: Je, si afadhali hivyo? Sisi Waislamu tumefundishwa kujihadhari na taswira za wenye roho. Ni kweli. Imepokewa kwamba Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amridhie, alimshauri mtu mmoja aliyekuwa akipata riziki yake kwa kuchora, kwamba ikiwa hana budi basi achore miti na vitu visivyokuwa na roho. Ndiyo maana katika kumbi za wazee wetu wengi mgeni hukuta picha ya Al-Kaaba, ya bustani au ya maporomoko ya maji, wala hakuti sura ya mtu. Juu ya picha ya kamera wanavyuoni wamekhitilafiana. Wako walioikataza, na wako walioiruhusu wakisema kwamba ni kivuli kilichozuiliwa tu. Nami si mwanachuoni wa kutoa fatwa katika ukurasa huu. Ninalosema ni kwamba iko tofauti kubwa baina ya mtu anayeiacha sura ya binadamu kwa kumcha Muumba wake, na mtu anayeiacha kwa kuwa binadamu huyo hamhesabu. Wa kwanza ana adabu. Wa pili anapima shamba la mwenziwe kwa macho.

Tabia hii ya kumfuta mtu ili maumbile yapendeze haikuanzia kwetu. Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni wa Marekani, katika bonde la Yosemite lililoko California. Mwaka 1851 kikosi cha wanamgambo kiliingia bondeni humo kuwafukuza wenyeji wa kabila la Ahwahneechee, wakavichoma vijiji vyao pamoja na akiba zao za chakula. Miaka kumi baadaye, mwaka 1861, mpiga picha Carleton Watkins alikwenda huko na nyumbu waliobeba kamera kubwa mno na vioo vya kunasia picha. Picha zake za majabali na maporomoko zilifika hadi Washington, zikawastaajabisha wakubwa, na mwaka 1864 Rais Abraham Lincoln akatia sahihi sheria ya kulihifadhi bonde hilo kwa manufaa ya umma.

Baada ya Watkins alikuja Ansel Adams, aliyeishi kuanzia 1902 hadi 1984, na ambaye hapana shaka alikuwa bingwa wa kazi hii. Picha zake za rangi nyeusi na nyeupe, za milima, theluji na mawingu ya bonde hilo hilo, zimeifundisha dunia nzima maana ya kupiga picha za maumbile. Lakini zitazame. Ni nadra sana kumwona mtu. Mtazamaji huondoka akiamini kwamba nchi ile imekuwa hivyo tangu kuumbwa kwa ulimwengu, haikuguswa na mkono wa mwanadamu. Ilhali miaka hiyo hiyo wenyeji wachache walikuwa wangali wakiishi bondeni, wengine wakiwa vibarua wa hifadhi, na nyumba za mwisho za kijiji chao ziliondolewa mwaka 1969.

Ajabu zaidi ni hii. Ule uwanda wa nyasi ulio wazi, wenye mialoni iliyotawanyika, uliowavutia wapiga picha wa kwanza, ulikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya mikono ya wenyeji wenyewe. Walikuwa wakichoma nyasi kwa majira, kwa mpango na kwa ujuzi, ili miti ya misonobari isiufunge uwanda. Walipoondolewa na moto ukapigwa marufuku, misonobari ilianza kuuvamia. Kwa hivyo kile kilichoitwa maumbile matupu kilikuwa shamba la watu, na picha ndiyo iliyoficha jina la mkulima.

Msomaji ataniuliza, Yosemite yatuhusu nini sisi? Basi na tutoke Mombasa kwa gari la moshi, tufike Voi. Mbuga ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948, nchi ya zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Katika nchi hiyo walikuwamo Wawaata, ambao pia hujulikana kwa jina la Waliangulu, wawindaji hodari wa ndovu kwa uta mrefu na mishale yenye sumu. Katikati ya miaka ya 1950 kulifanywa msako mkubwa juu yao, na wengi wakatiwa jela. Kazi aliyorithi mtu kutoka kwa babake na babu yake ikawa uhalifu, na aliyeitwa mwindaji akaitwa jangili.

Kisha ikaja kiangazi kikali cha mwaka 1970 na 1971. Ndovu walikuwa wamejaa mbugani, miti wameimaliza, na maelfu yao wakafa kwa njaa. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wamebishana vikali, hawa wakitaka idadi ipunguzwe kwa bunduki, hawa wakitaka maumbile yaachwe yajiamulie. Mmarekani Peter Beard, aliyefariki mwaka 2020, alipanda ndege akaipiga picha mizoga ile kutoka juu, mifupa imetandaa juu ya udongo mwekundu kama mabaki ya vita. Picha hizo zilitiwa katika toleo la mwaka 1977 la kitabu chake The End of the Game, ambacho kilitoka mara ya kwanza mwaka 1965.

Ni picha za kutisha, na ni sanaa ya hali ya juu. Wala Beard hakuwasahau wawindaji, kwani aliwafahamu na kuwaandika. Hata hivyo, kilichobaki vichwani mwa watazamaji wa ng'ambo ni mizoga ya ndovu. Mwulize mtu wa London au New York habari za Tsavo, atakutajia ndovu. Mwulize Mwaata ni nani, hatajua. Hata sisi tulio jirani tunaopita Voi kila mwezi, ni wangapi kati yetu wajuao?

Sitaki kuonekana kama mtu asiyeshukuru. Lau si picha za Watkins, huenda bonde lile lingaliishia mikononi mwa wenye mashine za kupasua mbao. Na lau si picha za ndovu na vifaru wetu zilizozunguka dunia, huenda leo tungalikuwa tukiwasimulia wanetu habari za wanyama hao kama tusimuliavyo hadithi za majini. Kamera imeokoa mengi. Lakini jambo moja zuri haliondoi deni la jingine. Anayeokoa mti kwa kumwondoa aliyeutunza, ameokoa nusu na kupoteza nusu.

Tena nafurahi kuona kwamba wako mabingwa wa kazi hii ambao wameanza kulitambua jambo hilo. Mwingereza Nick Brandt alianza kwa kupiga picha za wanyama wa Amboseli peke yao, ndovu na simba wakiwa na heshima ya wafalme, bila mtu. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 2016, Inherit the Dust, alizikuza picha za wanyama mpaka zikalingana na miili yao yenyewe, akazisimamisha katika majaa ya takataka, chini ya madaraja na kando ya viwanda humu humu Kenya, mahali ambapo zamani wanyama hao walikuwa wakipita. Watu wapita mbele yake wakitafuta riziki. Mwaka 2021 akatoa The Day May Break, kazi aliyoifanya Zimbabwe na Kenya, ambamo watu walioharibiwa maisha na ukame na mafuriko wamekaa pamoja na wanyama waliookolewa, wote katika picha moja, wote ndani ya ukungu mmoja. Hapo mtu si adui wa mnyama wala si pambo lake. Wote wawili wamepatwa na msiba mmoja.

Yuko pia Sebastião Salgado wa Brazil, aliyefariki mwezi wa Mei 2025. Huyu kwa miaka mingi alipiga picha za wachimba migodi, wakimbizi na watu wa njaa, mpaka roho yake ikachoka. Aliporudi katika shamba la wazee wake huko Minas Gerais alikuta miti imekwisha na ardhi imekauka. Yeye na mkewe, Lélia Wanick Salgado, wakaanzisha mwaka 1998 taasisi ya kuupanda upya msitu, na hadi sasa imekwisha kupandwa miche zaidi ya milioni mbili. Ndipo akaizunguka dunia kwa miaka minane, akatoa mwaka 2013 kitabu chake Genesis, chenye milima, barafu na wanyama, na vile vile chenye watu wanaoishi humo. Huyo ni mpiga picha aliyeshika jembe. Nami namwamini zaidi mtu wa namna hiyo anaponionyesha mti.

Lakini kwa nini twende mbali? Wapiga picha wetu wenyewe wa pwani walilijua jambo hili zamani. Wale waliokuwa na vibanda vyao karibu na kivuko cha Likoni katika miaka ya 1990 walitundika mapazia yaliyochorwa rangi kali, yakiwa na bahari, milima, meli, ndege na wanyama. Mteja alisimama mbele ya pazia, amevaa nguo yake ya Idi, akapigwa picha kumpelekea nduguye wa bara au wa Arabuni. Wasomi wa sanaa wa ng'ambo wamekuja kuzichunguza picha hizo na kuziandikia vitabu, hali sisi tulizicheka tukiziita za ovyo. Mimi naona zilikuwa na adabu moja ambayo kalenda za hoteli hazina. Maumbile yalikuwa ya kuchorwa, lakini mtu alikuwa wa kweli, na alisimama katikati. Picha ilisema: mimi niko hapa, na ulimwengu huu una nafasi yangu.

Sasa na tutazame hali yetu ya leo. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Siku hizi hupigwa picha kutoka angani kwa vyombo vidogo visivyokuwa na rubani, na hutokea nzuri ajabu, kijani kibichi na mikono ya maji ikipindapinda kama nyoka. Katika picha hizo mkataji mikoko haonekani, na akionekana huwa ni doa. Lakini mkataji huyo ndiye ajuaye ipi fito na ipi pau, ipi boriti na ipi nguzo, mti upi umekomaa na upi uachwe ukue. Nyumba za mawe za mji wa Lamu, ambao uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, zimebebwa na boriti zilizotoka katika msitu huo. Ilipotolewa amri ya kusimamisha ukataji wa miti nchini mwezi wa Februari 2018, wakataji wa Lamu walikaa bila kazi hadi walipofunguliwa tena mwaka 2019. Sisemi kwamba picha ndizo zilizoleta amri hiyo. Nasema kwamba mtu aliyezoea kuuona msitu usio na mkataji, akiambiwa kwamba mkataji ni mwharibifu, atakubali mara moja bila kuuliza swali la pili.

Mwaka huo huo wa 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi iliamua, katika kesi ya bandari ya Lamu, kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni, na ikatambua kwamba haki zao za uvuvi wa jadi na za utamaduni wao zilikuwa zimevunjwa. Fikiri maana yake. Mahakimu walitazama bahari ile ile inayotazamwa na wapiga picha, nao wakawaona wavuvi ndani yake. Ikiwa sheria imeweza kuwaona, sanaa ina udhuru gani?

Na mifano ya mtu na maumbile kuishi pamoja haikosekani. Kule Gazi katika Kwale, wanakijiji wanalinda na kupanda mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013, na pato lake huwapatia maji na vitu vya shule. Misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, ina miti mirefu hadi leo kwa sababu watu walijiwekea miiko ya kutoikata. Mtu angeondolewa hapo, na msitu ungekwenda. Dini yetu nayo yamwita mwanadamu khalifa katika ardhi, na khalifa ni mwenye kuachiwa amana. Hawezi kuwa mgeni anayechungulia kupitia dirishani.

Itasemwa kwamba kumtia mtu katika picha nako kuna ubaya wake. Ni kweli, na ubaya huo tumeuonja. Wako watalii wanaompiga picha mama na buibui lake bila ruhusa, kana kwamba ni ndege mtini, na wako wanaowapiga watoto uchi wakiogelea kisha wakawauza kwa kadi. Hilo si kumheshimu mtu, ni kumwinda. Ruhusa iombwe, stara ichungwe, na anayekataa aachwe.

Lakini mtu aweza kuwamo katika picha bila sura yake kuonekana. Dema lililoanikwa juu ya mchanga lasema kuna mvuvi. Alama ya shoka juu ya kisiki, na mche mpya pembeni yake, vyasema kuna mkataji mwenye akili. Nyayo zilizotoka kwenye maji kuelekea mnadani, mtumbwi uliotiwa kiraka, kisima cha mawe kilichochimbuliwa na kamba kwenye ukingo wake, vyote hivyo ni watu. Hata yule asiyetaka kupiga picha ya mwenye roho, kwa kufuata ile nasaha ya Ibn Abbas, ana uwanja mpana hapo. Anaweza kupiga picha ya mti na jiwe, na bado asimdhulumu mwenye mti.

Kwa hivyo nawaambia vijana wetu, ambao kila mmoja leo ana kamera katika simu yake, wasiige kalenda. Wasingoje wavuvi waondoke ndipo wapige picha ya ufuo. Wasisafishe madema na nyavu ili mchanga upendeze. Waende madikoni alfajiri, waamkie, waombe ruhusa, wakae mpaka vyombo virudi, na wawaulize wazee majina ya pepo, ya miamba na ya miti kabla ya kufungua kamera. Walimu nao wawafanyie maonyesho ya kazi zao shuleni, na wenye hoteli wazinunue, maana kila siku wanasema wanaupenda utamaduni wetu.

Na jambo la mwisho, ambalo halina gharama yoyote: kila picha iandikwe jina la mahali, yaani jina lile wenyeji walitumialo, na jina la diko likiwa lipo. Madiko mengi ya wavuvi yamekwisha kuzungushiwa ua, na njia za kushukia baharini zimefungwa moja baada ya nyingine. Siku moja kijana ataulizwa kama kweli hapo palikuwa na watu. Awe na picha ya kuonyesha, na nyuma yake pawe pameandikwa jina.